Picha Iliyokataa Kutoka

Mbukwenyi, wapendwa. Mchungaji amenibembeleza siku nyingi nisimame hapa mbele niseme yaliyonipata, nami nimemkwepa kila mara, maana sipendi kutazamwa. Leo amenikamata mlangoni. Naitwa Elia, ingawa hapa Hombolo wengi mnaniita Mzee Bomba. Sina kinyongo na jina hilo. Nitayasema yote, hata ya chooni, kwa hiyo wenye watoto wadogo msije mkanilaumu baadaye.

Mnanijua kwa kazi yangu. Zabibu zenu zikianza kushika ukungu, mnaniita nije kupulizia salfa. Bomba langu ni la mota, nalibeba mgongoni, na likiwaka linasikika mpaka ng'ambo ya bwawa. Ni kazi ya upweke. Ukipulizia, mwenye shamba anasimama mbali, watoto wanafukuzwa, hata mbwa wanahama. Ukimaliza unanuka, hakuna anayekukaribisha ndani, chai unaletewa nje kwenye kikombe cha peke yako. Nilizoea.

Nyumbani nako nilikuwa peke yangu. Mke wangu, Mama Neema, alikwenda Mwanza kumsaidia binti yetu Neema aliyejifungua mapacha. Tuliagana tukijua anakwenda kwa muda mfupi tu. Mapacha sasa wanavaa sare za shule, na yeye bado yuko kule. Hatukugombana hata kidogo. Yeye alikuwa anasubiri nimwambie rudi, mimi nilikuwa nasubiri arudi mwenyewe. Kwenye simu tulikuwa tunaulizana, "Uko salama?" "Niko salama." Basi, tunakata.

Ugonjwa ulinianza kwa kuwashwa. Nilidhani ni salfa, maana salfa inawasha. Nikaoga kwa sabuni ya mche, nikabadilisha nguo, wapi! Nilijikuna mikono, nikajikuna miguu mpaka ikatoka damu. Mgongo sasa ndio ulikuwa mtihani. Mwenye mke anasema, "Hebu nikune hapo, panda juu kidogo, hapohapo." Mimi nilikuwa natafuta gunzi la hindi, nikashindwa kufika, nikaenda kujisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Sioni haya kulisema, ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikaanza kuwa wa njano. Hapa ndipo tulipokosea wote, mimi na ninyi. Salfa si ni ya njano? Kila mtu aliyeniona alisema, "Mzee Bomba, leo umepulizia kwa nani? Salfa imekukolea!" Nami nikacheka nao, nikaenda kuoga tena. Mtu anayeishi peke yake hana wa kumwambia kwamba macho yake yamebadilika. Kioo changu ni kile kidogo cha kunyolea ndevu, na nyumba yangu ina dirisha moja. Nilikuwa naona kidevu tu.

Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Choo kikubwa kikawa cheupe kama chokaa. Chakula kikanikataa, hasa chenye mafuta. Halafu maumivu yakaingia chini ya mbavu za kulia, yanakuja kwa kukaba, yanapasua mpaka bega. Yakija napiga magoti sakafuni, nauma kanga ya mke wangu aliyoiacha, naguna peke yangu. Sikumwita mtu. Ningemwita nani?

Aliyeniokoa mwanzo ni mama muuza duka wa hapa njiani. Nilikwenda kununua chumvi juani, akanishika kidevu kama mtoto, akaniambia, "Shikamoo mzee, lakini hayo macho si ya salfa. Salfa haiingii ndani ya jicho. Nenda hospitali leo." Nikamjibu vibaya, kwamba yeye auze chumvi. Nikafika nyumbani, nikatoka na kioo uani, nikavuta kope. Jamani! Nilijiogopa mwenyewe. Kesho yake nikaenda mjini.

Hospitali ya mjini walinilaza. Wakanipima damu, wakanipaka mafuta baridi tumboni wakapima kwa altrasaundi. Daktari wangu alikuwa mtu mpole, anaongea taratibu. Akaniambia, "Mzee Elia, nyongo yako imeziba. Mrija unaoishusha umevimba. Kuna kitu kimekaa chini kabisa kwenye mwisho wa mrija, ila hewa ya utumbo inatuzuia kukiona. Linaweza kuwa jiwe. Inaweza pia kuwa uvimbe kwenye kongosho."

Nikamuuliza, "Tofauti yake nini?"

Akavuta kiti, akakaa. Daktari akivuta kiti ujue kuna neno. "Jiwe tunalitoa na unarudi shambani. Uvimbe, inategemea. Wakati mwingine tunachelewa. Ndiyo maana nataka picha ya MRI, ile mashine ya sumaku. Ikitoka safi, nitajua nikufanyie nini. Bila hiyo nitakuwa nakupasua kwa kubahatisha."

Kwa hiyo maisha yangu yote yakawa yamebaki kwenye picha moja.

Muuguzi akaja, "Baba, umekuja na nani?" Nikasema, "Nimekuja na mimi." Akadhani natania. Akauliza tena: nani anakuletea chakula, nani anakufulia, nani tumpigie simu? Nikamwambia watoto wako mbali, nisingependa kuwasumbua. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko sindano zake. Saa ya kutazama wagonjwa wodi inajaa mabakuli na mikoba, kila kitanda kina watu, na mimi nalala nimegeukia ukutani nikijifanya nimesinzia. Niliona aibu kuwa peke yangu. Ndiyo, aibu, kana kwamba nimeiba kitu.

Kitanda cha jirani alikuwepo mgonjwa kutoka Kondoa, anauguzwa na kaka yake, Mzee Salimu, Mrangi, mkulima wa alizeti, kofia haimtoki kichwani. Siku ya kwanza tu alifungua bakuli lake, akamega ugali, akaniwekea upande wangu bila kuniuliza. Nikamwambia sina hamu. Akasema, "Kula. Najua umezoea mlenda, lakini leo jaribu chakula cha watu." Nikamjibu, "Mrangi akikukaribisha chakula, ujue alikwisha shiba." Akacheka mpaka ndugu yake kitandani akaamka. Sijui kama wazee wetu walikwisha kukaa wakakubaliana kwamba Mgogo na Mrangi ni watani, lakini mimi na yeye tulianza siku hiyo na hatujaacha.

Basi, siku ya picha ikafika. Nilizuiwa kula tangu alfajiri. Mtaalamu wa mashine alikuwa dada mmoja, Dada Rehema. Akanivua kila kitu chenye chuma, mkanda, saa, hata vifungo. Akanilaza kwenye kitanda chembamba, akaniziba masikio kwa vizibo vinavyopitisha sauti yake, akanipa kimpira cha kubonyeza nikishindwa. Mashine yenyewe ni tundu refu, unaingizwa kama mkate kwenye tanuri. Akasema, "Mzee, tutaanza na za kubana pumzi. Nikisema bana, unabana, usitikisike."

Nikabana. Maumivu yakanikaba chini ya mbavu, nikakohoa. Tukarudia, nikakohoa tena. Akaja, hakukasirika. Akanifunga mkanda wa mpira tumboni. Akanieleza, "Usibane tena. Wewe pumua tu kawaida. Mkanda huu unaniambia tumbo linapanda lini na linashuka lini. Ukishatoa pumzi, kuna nafasi ndogo tumbo linatulia. Mashine inasubiri hapo, inapiga, inasubiri tena. Mtoto asiyetulia unampigaje picha? Si unamsubiri atulie?"

Nikaona hilo ni jepesi. Kupumua nani asiyejua? Nikaingizwa. Mashine ikaanza kunguruma, mngurumo wa kukutikisa meno. Nikalala kimya, nikitii kabisa. Baada ya muda ikanyamaza, sauti ya Dada Rehema ikanijia masikioni, "Mzee Elia, unapumua?"

"Napumua."

"Hupumui, mzee."

"Dada, mimi mtu mzima, najua kama napumua!"

Tukaanza tena. Ikanguruma, ikanyamaza, akaniuliza yaleyale, nami nikamjibu kwa ukali zaidi. Mwisho akanitoa, akanionyesha kwenye kioo chake mstari unaochorwa na ule mkanda. Mashine ikiwa kimya, mstari unapanda na kushuka vizuri. Mashine ikilia, mstari unalala tambarare, halafu unaruka juu ghafla kama mtu aliyeibuka majini. Picha zilizopatikana zilikuwa na ukungu, mrija umeonekana kama mitatu, umefifia palepale tulipotaka kuona. "Nashindwa kuelewa," Dada Rehema akasema. "Mtu anayeogopa huwa anahema haraka. Wewe unaacha kabisa." Mimi nikaapa kwamba mkanda wake ni mbovu.

Jioni daktari akaniambia picha hazisomeki, watanijaribu mara nyingine. Niligeukia ukuta. Niliwaza nitoroke, nirudi Hombolo, nikafie kitandani kwangu, nani atauliza? Nililia, ila nililia kimya kimya, kwa sababu mtu asiye na ndugu akilia wodini anawasumbua ndugu za wengine.

Kesho yake mchana umeme ukakatika. Mzee Salimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu, tunakula, mimi nina tonge mdomoni. Nje ya dirisha jenereta ikawashwa, ikanguruma. Mzee Salimu akaacha kutafuna. "Wewe Mgogo, una nini? Mbona umevimba mashavu?"

Nilikuwa nimejaza kifua, nimefunga mdomo, nimekaza shingo. Sikujua. Nilikuwa sipumui kwa sababu mota imelia.

Wapendwa, ninyi wenye mashamba hamlijui hili, lakini wapuliziaji wenzangu waliopo hapa wanalijua. Kitambaa cha usoni hakizuii dawa. Kwa hiyo mota ikinguruma unajaza kifua, unafunga mdomo, unapulizia mpaka mwisho wa mstari, ndipo unageuka upande upepo unakotoka na kuhema. Miaka yote hiyo hakuna aliyenifundisha, mwili ulijifunza wenyewe. Na sasa mwili wangu haukujua kwamba ile ni MRI. Ulidhani tuko shambani.

Nilipomweleza, Mzee Salimu alicheka akajipiga paja. "Yaani unataka kufa kwa uhodari wa kazi!" Kisha akaniuliza, "Sasa utafanyaje ndani ya ile mashine? Ukisikia ngurumo utasahau."

Nikamwambia nitasahau tu.

Akasema, "Basi mimi nitaingia na wewe."

Nikamtazama. Mtu ana mgonjwa wake, hana deni lolote kwangu. Nikataka kukataa, kama nilivyozoea kukataa. Akanikata, "Ukikataa nitawaambia watu wote Kondoa kwamba nilimkuta Mgogo asiyejua kupumua."

Tukamweleza Dada Rehema habari ya bomba la salfa. Akashika kichwa, akasema kumbe mkanda wake haukuwa mbovu. Nikamwomba radhi. Akakubali Mzee Salimu aingie, ila akamhoji kama mahakamani: ana chuma chochote mwilini? Amewahi kupasuliwa akawekewa kitu? Mzee Salimu akajibu, "Chuma ninachokijua ni ulimi wa mke wangu, na nimeuacha nyumbani." Akavua mkanda, akaacha simu, akazibwa masikio, akawekewa kiti miguuni pangu.

Tulikubaliana hivi. Kule ndani hatasikika, kwa hiyo atanishika kidole gumba cha mguu. Akikibonyeza, natoa pumzi. Akikiachia, navuta.

Nikaingizwa. Ngurumo ikaanza, kifua kikajaa chenyewe, mdomo ukafunga. Nilikuwa tayari nimeshaingia kwenye mstari wa zabibu. Mara nikasikia kidole kinabonyezwa. Nikatoa. Kikaachiwa, nikavuta. Kikabonyezwa tena, taratibu, bila haraka. Ngurumo inaendelea na mimi napumua. Nilishangaa.

Halafu, niseme ukweli, machozi yakanitoka. Nilikumbuka kwamba tangu Mama Neema aondoke, hakuna mtu aliyewahi kunishika isipokuwa kwa kunipima, kunichoma sindano au kunivuta kidevu. Huyu alikuwa ameshika kidole kichafu cha mguu wa mtu asiyemjua, na hakiachi. Nikaanza kutikisika. Sauti ya Dada Rehema ikaja, "Mzee, usilie sasa hivi, tumbo linacheza. Utalia tukimaliza." Nikajikaza. Kidole kikaendelea kubonyezwa.

Tulipotoka nikamuuliza Mzee Salimu aliwezaje kwenda sawasawa vile bila kuchoka. Akaniinamia sikioni, "Kila nikibonyeza nilikuwa nasema Alhamdulillahi moyoni. Lakini usimwambie mchungaji wako." Mchungaji, unisamehe, nimesema.

Picha ilitoka. Daktari alikuja nayo wodini mwenyewe, hakuvuta kiti. Akasema amesimama, "Ni jiwe. Limekaa mwishoni mwa mrija, limeziba kabisa. Kongosho ni zima." Mzee Salimu akasema Alhamdulillahi kabla yangu. Mimi nilishika tu shuka.

Wakanipanga upasuaji. Muuguzi yuleyule akarudi, akasimama kichwani pangu. "Baba, safari hii huniponyoki. Hatukuingizi huko kabla ndugu yako hajajua."

Nikachukua simu, nikampigia Mama Neema. Akaniuliza kama kawaida, "Uko salama?" Nikakaa kimya. Akaita, "Elia?" Nikamwambia, "Siko salama. Niko hospitali, napasuliwa kesho. Walidhani ni kansa, kumbe ni jiwe."

Nilitegemea alie. Hakulia. Akauliza, "Umeumwa tangu lini?" Nikamtajia. Nikasikia mapacha wanacheza nyuma yake. Kisha akaniuliza pole pole, "Sasa ungekufa, ningeambiwa na nani?"

Namba yake iko kwenye simu yangu tu. Hapa Hombolo sikuwahi kumpa mtu. Ningekutwa mlangoni pangu siku ambayo ukungu umeshika shamba la mtu na mimi sionekani. Mngenizika vizuri, najua, lakini yeye angeendelea kunipigia simu iliyozimwa, akidhani nimenuna.

Akapanda basi siku ileile. Nilipozinduka baada ya upasuaji alikuwa ameketi hapo, kanga kichwani, amekasirika. Nilikuwa na mpira mwembamba umetoka ubavuni, unamwaga nyongo kwenye mfuko, maji ya kijani mazito. Tangu hapo mlenda siutazami kwa jicho lilelile. Kidonda kiliuma, kukohoa kuliuma, kucheka kuliuma zaidi, na Mzee Salimu hakuacha kunichekesha mpaka walipomruhusu ndugu yake wakarudi Kondoa. Mkojo ulipoanza kuwa mweupe nilimwita mke wangu aje aone. Akasema, "Elia, nimetoka Mwanza kuja kutazama mkojo?" Lakini alikuja akatazama, akamshukuru Mungu.

Alinihudumia mpaka kidonda kikafunga. Nilipopona nikamwambia neno nililoshindwa kulisema miaka yote, kwamba namtaka arudi. Akaniambia atarudi mapacha wakikua kidogo, maana Neema anafanya kazi na hana mtu. Sikununa. Nilimsindikiza kituoni, nikarudi, nikakuta nyumba iko vilevile, kimya. Siwadanganyi kwamba upweke umekwisha. Upo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama muuza duka, na nimekwisha mwomba msamaha kwa habari ya chumvi. Nawashukuru daktari, Dada Rehema, na mtani wangu Mrangi. Ninyi wapuliziaji, tafuteni barakoa za kweli, na mtu akiwa wa njano mvuteni kope kabla ya kumcheka. Mkiingizwa kwenye ile mashine, mwambieni mtaalamu kazi mnayofanya, msione ni habari isiyohusika. Na ninyi mnaoishi peke yenu, mpeni jirani namba ya mtu wenu. Msione aibu kama nilivyoona mimi.

Mimi nimempa jirani yangu, Mama Suzi, yule pale anacheka. Siku hizi Mama Neema ananipigia kila asubuhi. Juzi nilikwenda kupulizia shamba la mbali, nikasahau simu nyumbani. Nilipozima mota nikamwona Mama Suzi anakuja katikati ya mizabibu, kanga imemlegea, jasho linamtiririka, amekasirika kweli kweli. Amekuja mpaka pale nilipo, kwenye salfa, mahali ambapo hakuna mtu huwa anakuja. Akaniwekea simu yake mbele ya uso. "Mkeo anauliza kama uko hai."

Nikavua barakoa mdomoni. Nikasema, "Mwambie nipo."